Mwanangu, hiyo dawa ya chunusi iache kabla ya mimba

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama unaweza kuendelea kumeza spironolaktoni mpaka utakapokosa hedhi, ndipo uiache. Hapana, mama. Iache mapema.

Dawa hiyo asili yake ni ya presha na ya kupunguza maji mwilini. Chunusi inazituliza kwa kuzuia androjeni, homoni zinazofanya ngozi itoe mafuta mengi. Mtoto wa kiume akiwa tumboni anazihitaji homoni hizohizo ili maumbile yake ya kiume yakamilike, na kazi hiyo huanza miezi mitatu ya kwanza. Kwa wanyama waliojaribiwa, madume walizaliwa na maumbile yenye dalili za kike. Kwa binadamu ushahidi ni mchache, lakini sitaki wewe uwe wa kuuongeza. Na siku unayoona hedhi imechelewa, mimba ina kama wiki mbili tayari.

Ushauri wa kawaida ni kuiacha walau mwezi mmoja kabla ya kuanza kutafuta mtoto. Katika mwezi huo endelea kujikinga. Usiache dawa ya chunusi na vidonge vya majira kwa wakati mmoja. Mwezi huohuo anza foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku hadi wiki ya 12, maana uti wa mgongo wa mtoto hujifunga mapema, wengi wakiwa hawajajua kama ni wajawazito.

Chunusi huenda zikarudi pale kidevuni, nami najua zinavyokunyima raha. Tafadhali usiazime dawa ya mtu. Isotretinoini ndiyo ninayoiogopa kuliko zote: hata ikimezwa siku chache inaweza kuharibu moyo, ubongo na uso wa mtoto. Doksisaiklini nayo hugusa meno na mifupa yake. Geuza kila tyubu ya krimu usome maandishi madogo ya nyuma. Ukiona tretinoini au adapaleni, iweke kando. Asidi ya azelaiki inaruhusiwa, na kwa kawaida benzoili peroksaidi pia.

Mimba ikitangulia mipango, acha kumeza spironolaktoni siku hiyohiyo umwone daktari. Usijifungie na hofu. Wapo walioimeza bila kujua wakajifungua watoto wazima.

Ukienda kumwona daktari beba paketi zote, hata za krimu, umwambie mwezi mnaotaka kuanza. Ukitoka nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako