Ukifika Brussels, anza na bia chachu

Kila baada ya miezi michache hupata ujumbe kutoka kwa ndugu au rafiki anayekuja Ubelgiji kwa masomo au mkutano, akitaka kujua ni bia gani mpya imetoka na ni kiwanda gani kinafaa kutembelewa. Swali la kwanza nimeacha kulijibu, kwa sababu viwanda vidogo vya mji huu hutoa bia mpya mfululizo, na nyingi kati ya hizo hazirudi tena zikishakwisha. La pili lina jibu moja ambalo sijalibadilisha tangu nihamie hapa: anza Cantillon.

Kiwanda hiki cha ukoo kimekuwapo tangu mwaka 1900 katika mtaa wa Rue Gheude, Anderlecht, mwendo mfupi wa miguu kutoka kituo cha treni cha Bruxelles-Midi, na tangu 1978 kimekuwa pia makumbusho. Ukikitazama kwa nje utadhani ni gereji. Bia inayopikwa humo huitwa lambic, na thuluthi moja hivi ya nafaka yake ni ngano isiyooteshwa, inayobaki ikiwa ni kimea cha shayiri. Hopi zake, yaani maua makavu ambayo kwa kawaida huipa bia uchungu na harufu, huwekwa miaka kadhaa hadi zipoteze sehemu kubwa ya uchungu, maana hapa zinatakiwa kuilinda bia isiharibike, wala si kuipa ladha.

Kinachofuata ndicho kinachostahili nauli yako. Togwa, yaani maji matamu ya nafaka hizo kabla hayajachachuka, ikishachemka hupandishwa darini na kumiminwa katika sinia kubwa la shaba, pana na lenye kina kifupi, kisha huachwa wazi usiku kucha ipoe kwa hewa ya nje. Hakuna anayetia hamira. Vijidudu vilivyomo hewani, pamoja na vile vilivyojikalia katika mbao za jengo na za mapipa, ndivyo vinavyoichachua, na ndiyo maana upishi hufanywa katika miezi ya baridi tu, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Aprili. Usiku wa kiangazi una joto mno na bia ingeharibika. Kutoka darini inaingia kwenye mapipa, ambamo inaweza kulala hadi miaka mitatu. Utando wa buibui utakaouona kati ya mapipa hayo usiuhesabu kuwa uchafu, kwa kuwa buibui hula wadudu wanaovutwa na bia na matunda, na wenye kiwanda hawataki wasumbuliwe. Ukiweza, panga safari yako iangukie majira ya upishi, kwa sababu kuingia kiwandani wakati mvuke wa nafaka umetanda ni tofauti kabisa na kutembea kati ya mapipa yaliyonyamaza.

Mimi nimekulia Rombo, kwa hiyo sikuhitaji maelezo mengi. Bibi yangu alipika mbege kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, akaitia uchungu kwa gome la msesewe, na hamira ya dukani hakuwahi kuinunua kwa kazi hiyo. Mgeni aliyezoea bia baridi ya chupani peke yake hushtuka akionja gueuze, ambayo ni mchanganyiko wa lambic ya mwaka mmoja, miwili na mitatu uliochachuka tena ndani ya chupa. Funda la kwanza ni ndimu tupu, na nyuma yake kuna harufu ambayo sina namna ya kuieleza isipokuwa kusema ni ya zizi la mbuzi. Usitoe hukumu hapo. Kunywa polepole hadi funda la nne au la tano, ndipo utakaposikia tufaha, mbao na ukavu mzuri unaobaki mdomoni. Ukishindwa kabisa, omba kriek, ambayo huvundikwa pamoja na cheri. Hiyo pia ni chachu, lakini tunda humsaidia mgeni kuivumilia.

Baada ya hapo nenda kwa vijana. Brasserie de la Senne, iliyopo sasa eneo la Tour & Taxis, hupika Taras Boulba, bia ya asilimia 4.5 tu yenye uchungu mkavu, ambayo mtu anaweza kuinywa jioni nzima akazungumza na bado akaona njia ya kurudi nyumbani. Wanaopenda mambo mapya watafurahia Brussels Beer Project, walioanza mwaka 2013 na ambao hubadilisha bia zao mara kwa mara.

Kuhusu hayo mambo mapya nina onyo moja. Kuna mwaka nilinunua kwa bei ya kusikitisha mkebe wa bia ya hopi nyingi iliyokuwa ikisifiwa mji mzima, nikaufungua mbele ya wageni, na tukakuta ladha ya karatasi iliyolowa. Nilipougeuza nikasoma tarehe chini yake: ulikuwa umekaa rafuni miezi kumi. Harufu ya hopi hufifia haraka, hivyo bia za namna hiyo zinywe ndani ya miezi miwili au mitatu na zikae kwenye ubaridi, ilhali gueuze yenye kizibo inaweza kukaa miaka zaidi ya kumi ikizidi kunoga. Chupa ya kioo cheupe au cha kijani iliyowekwa dirishani usiiguse hata ikiwa nusu bei, kwa sababu mwanga huivunja hopi na kuipa bia uvundo.

Watawa wa monasteri ya Westvleteren, magharibi mwa Ubelgiji, nawataja kwa kifupi: bia yao nzito ina asilimia 10.2, na bila gari kufika huko ni kazi.

Chupa ya kupeleka nyumbani ifunge kwa nguo mbili nzito katikati ya sanduku, kisha ukifika uiache isimame siku mbili tatu ili mashapo yatue. Yangu ya kwanza nilimpelekea baba mdogo. Alionja, akatikisa kichwa, akaonja tena.

"Mwanangu, hii ni mbege ya juzi," akasema, akasogeza glasi aongezewe.