Joka la Lego kwa mtoto: tazama miguu kwanza

Kila Idi ikikaribia, na tena shule zinapofunga Desemba, naletewa kwenye WhatsApp picha ya boksi na swali: "Mjomba, hili joka tununue?" Wanaouliza ni jamaa zangu wa Kibuli na Bombo, huku Uganda, wanaojua kwamba kwangu vipande vya Lego, vile vya plastiki vya kuunganisha, havikosi chini ya kochi. Picha haibadiliki sana: mabawa yametandazwa, mguu mmoja uko juu, mdomo wazi, moto unatoka. Nami huwauliza: mguu uliobaki chini umeshikwa na nini?

Gari au nyumba ya matofali ikishajengwa, kazi kubwa imekwisha. Joka halinunuliwi kwa ajili hiyo. Linatakiwa liruke, ling'ate, lianguke kitandani, lisimame tena. Kwa hiyo pesa yako inanunua viungo, na viungo vyenye kazi ngumu ni vya miguu. Bawa likilegea mtoto atavumilia. Miguu ikilegea, joka linalala kifudifudi, na kabla mwezi haujaisha limerudi boksini.

Viungo vyenyewe utakavyovikuta zaidi ni vya aina tatu. Kuna kijipira kinachoingia kwenye kikombe; hiki kinazunguka kila upande, ndiyo maana kimejaa shingoni, mkiani na nyongani. Kuna bawaba yenye meno, ambayo ukiikunja inalia trr-trr na kubaki pale ulipoiacha. Halafu kuna kibanio kinachoshika kijiti, na mara nyingi hicho ndicho kinachobeba bawa. Kijipira ni kitamu kuchezea, lakini hakina kinachokishika isipokuwa msuguano. Joka dogo halikielemei. Joka lenye kichwa kikubwa na mabawa mapana linakielemea, hasa likisimama kwa miguu miwili, na huanza kuchuchumaa polepole lenyewe.

Kwenye majoka makubwa kuna pini za kuunganishia vipande pia, na hapa watu wengi wanapotea. Pini fupi nyeusi zimetengenezwa zikaze. Za kijivu zinazunguka bila kizuizi. Mpwa wangu aliniletea joka analalamika, "Mjomba, anaanguka tu." Nilipofungua paja nikakuta pini ya kijivu imekaa mahali pa nyeusi. Tulizibadilisha, akalisimamisha juu ya friji, mama yake akakasirika.

Duka likiwa na joka lililokwisha jengwa kwa maonyesho, omba ulishike. Linyanyue mguu mmoja, tandaza mabawa yote mawili, kisha gusa meza kidogo kwa kidole. Likiwa limefungiwa nyuma ya kioo, kama ilivyo kwenye maduka mengi ya Kampala, geuza boksi utazame picha za nyuma. Waundaji wanapenda kuonyesha kila kinachokunjika. Ukiona picha nne na katika zote goti liko katika pembe ileile, jua goti hilo halikunjiki, na joka litasimama wima au litakaa kama mbwa, basi. Kwangu nyonga na kifundo cha mguu ni lazima. Goti ni ziada ninayokubali kuilipia.

Majoka mengi ya bei ya wastani ni ya zile seti zinazojengwa kwa namna tatu. Joka la Moto, namba 31102, lililotoka 2020, lina vipande 234 na vilevile hutoa chui wa kale mwenye meno marefu au nge. Joka Jekundu la 31145 ni dogo zaidi, vipande 149, na hugeuka samaki au ndege wa hadithi, finiksi. Kusema kweli, umbo la pili na la tatu watoto wengi hulijenga mara moja kisha wanarudi kwenye joka. Hata hivyo nasifu seti hizi, kwa sababu huku kwetu boksi la pili haliji haraka, na mtoto aliyebomoa na kujenga upya anaanza kubuni mnyama wake mwenyewe.

Bei? Wanunuzi wengi hugawanya bei kwa idadi ya vipande, na kipimo kinachotajwa sana ni senti 10 za dola kwa kipande, yaani kama shilingi 360 za Uganda dola ikiwa 3,600. Kampala usitegemee kipimo hicho. Kuna usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla muuzaji hajaweka faida yake. Boksi la vipande 234 likiuzwa 150,000, umelipa takriban 640 kwa kipande. Binafsi naweza kukubali bei hiyo kama miguu ni imara, na nikakataa nusu yake kama miguu ni ovyo. Idadi nayo hudanganya: meno, kucha na miiba ya mgongoni ni vipande vidogo vinavyohesabiwa sawa na vikubwa.

Kuhusu majoka yasiyo na jina ya Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, sitawatisha. Mengine yanashikana vizuri. Lego halisi utaijua kwa jina lililochongwa juu ya kila kinundu, na tofali lake la leo linaingia kwenye la 1958. Zile nyingine tofali la kawaida mara nyingi halina shida. Udhaifu huonekana kwenye vibanio na vikombe. Kibanio kinapata ufa mweupe mwembamba pembeni, siku mbili tatu baadaye bawa linadondoka. Ukinunua hizo, chagua joka fupi, nene, la miguu minne.

Umri ulioandikwa kwenye boksi uheshimuni, hasa kama nyumbani kuna mdogo wa chini ya miaka mitatu anayetia kila kitu mdomoni. Mafuta ya rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, mikononi nayo hulegeza vijipira, na vumbi letu jekundu linamalizia. Vipande vioshwe kwa mkono, maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni kidogo, kisha viachwe vikauke vyenyewe.

Mwenye bajeti ndogo asidharau mivumba, yaani mitumba, ya soko la Owino, maana humo huja vifuko vya midoli iliyochanganyika. Kitabu cha maelekezo kisikuumize kichwa: ukiijua namba ya seti, unapakua maelekezo bure kwenye tovuti ya Lego, MB zako tu. Mwaga kifuko chote mezani, tafuta kwanza vijipira na vikombe, kunja kimojakimoja uone kama kinakaza. Matofali ya kawaida yakipungua si neno, utaweka ya rangi nyingine. Vikombe vikipungua au vikiwa na ufa, mwachie muuzaji kifuko chake.