Namna nilivyoiacha draiva kwenye mfuko

Jumapili iliyopita nimeshinda mashindano ya gofu. Nalisema mapema, asije mtu akadhani naandika kwa uchungu. Alama 38 (mwenye nyingi ndiye mshindi) kwa handikapu ya 18, yaani mikwaju 18 ya msaada anayopewa asiye hodari, na walionishika mkono mbele ya meza ya zawadi ni walewale ambao mwaka mzima wameniita Vandevelde.

Kwa asiyelijua jina hilo: Jean van de Velde ni Mfaransa aliyefika shimo la mwisho la mashindano ya gofu ya Open, ambayo hushindwa kwa mikwaju michache, kule Carnoustie, Uskoti, mwaka 1999, akiongoza kwa mikwaju mitatu. Lilikuwa shimo la mikwaju 4, yaani mchezaji hodari hutarajiwa kulimaliza kwa minne. Hata angepiga 6, kombe lake. Akatoa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, mpira ukaenda kulia sana. Wa pili ukagonga jukwaa la watazamaji ukarudi kwenye majani marefu. Wa tatu ukaingia kijitoni, naye akavua viatu akashuka majini kuutazama. Akamaliza kwa 7, akaingia mchujo wa watu watatu, na Paul Lawrie akaondoka na kombe.

Mimi nilimaliza kwa 8.

Ilikuwa mwaka jana, mwezi wa saba, hapa kwetu Lubumbashi. Baridi ya asubuhi ilikuwa imeshaondoka, moshi wa majani yanayochomwa umetanda, na ardhi imekauka mpaka mpira ukidondoka unalia kama umegonga lami. Siku hiyo hatukucheza kwa alama, tulihesabu mikwaju yote, mwenye michache ashinde. Nilifika shimo la 18 nikiwa na mikwaju miwili ya ziada. Nikipiga 6 nimeshinda. Nilijua. Kila mtu alijua, kwa sababu kuna mzee mmoja (hajambo, anasoma hapa) aliyetangaza kwa sauti.

Kijana aliyenibebea mfuko, mtoto wa mtaa wa Katuba, alikuwa ameshanitolea chuma cha 5, fimbo fupi kuliko draiva. Nikakirudisha. Akaniambia polepole, "Papa, ile draiva inakudanganyaka."

Nikamwambia anyamaze. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko kombe lenyewe.

Mpira ukaingia kwenye mikaratusi, upande wa kulia. Nikaukuta umekaa vizuri juu ya magome makavu, na katikati ya miti miwili nikaona mwanya wa upana wa mlango. Nyuma yangu, hatua nne, palikuwa peupe kabisa: kuusukuma mpira kando, kurudi kwenye nyasi fupi, basi. Lakini mlango ule uliniita. Mpira ukagonga shina, ukanipita sikioni, ukarudi nyuma zaidi. Wa tatu nikatoka. Wa nne, kwa hasira, ukaruka grini, ile sehemu laini yenye shimo na bendera, ukazama mtaroni. Mkwaju mmoja wa adhabu. Wa sita ukapanda grini, mbali. Miwili ya kusukuma shimoni. Nane.

Miezi iliyofuata siisimulii. Mvua ilinyesha, nikapiga mipira.

Nilichobadilisha ni kimoja: nimeacha kulisoma shimo kutoka pale ninaposimama, nalisoma kuanzia kwenye bendera nikirudi nyuma. Chukua shimo la mita 340, la mikwaju 4. Mwenye handikapu 18 anapewa mkwaju mmoja kila shimo, kwa hiyo kwake 5 inampa alama 2, sawasawa na mtu aliyepiga vizuri bila msaada. Alama 2 mara 18 ni 36, na 36 katika kilabu chochote ni siku njema. Sasa nani alikuambia lazima ufike grini kwa miwili? Mimi nagawa: chuma cha 5 mita 160, chuma cha 9 mita 115, zinabaki 65 za weji, fimbo ya karibu. Mitatu nimefika, miwili nimesukuma. Tano. Hakuna anayepiga makofi, ila kadi inaandikwa.

Na ile 65 sikuipata kwa bahati. Nilianza nayo. Nilijiuliza ni umbali gani ambao nikiwa na usingizi bado naupiga sawa, kisha nikapanga mikwaju mingine ili initue hapo. Ukisimama penye mwanzo na draiva mkononi bila kujua unataka mkwaju wa tatu utoke wapi, wewe huchezi gofu, unatupa mawe.

Halafu tafuta upande unaoruhusiwa kukosea. Kila shimo linao. Maji yakiwa kulia na bunka la mchanga kushoto, bunka ni rafiki yako, kwa sababu mchangani huongezewi mkwaju. Vigingi vyekundu, vya maji, vinakula mkwaju mmoja. Vyeupe, vya mpaka wa uwanja, vinakula mkwaju na umbali pia, unarudi kupiga tena pale ulipokuwa. Na siku hizi, tangu 2019, una dakika tatu tu za kutafuta mpira, siyo tano. Watu wetu bado wanatafuta kama waliopoteza ng'ombe.

Shimo la mikwaju 3 silisemi sana: lenga katikati ya grini, sahau bendera. La mikwaju 5 ndilo linalowaua watu, maana urefu wake unawatia wazimu. Gawa tu. Gawa kama la 340.

Jambo la hapa kwetu: tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unaenda. Wageni kutoka Kinshasa huruka grini zetu mpaka wanasema fimbo zina kasoro. Kiangazi tua mbele ya grini uache mpira ubiringike wenyewe. Masika mpira unazama pale ulipoangukia, basi ongeza fimbo moja, yaani chukua inayopiga mbali zaidi. Hii niliilipia kwa mipira mingi, nanyi mnaipata bure.

Mtaniambia huo ni mchezo wa waoga. Sawa. Mwaka 2006 kule Hoylake, Uingereza, Tiger Woods alishinda Open, na katika siku nne nzima draiva aliipiga mara moja tu. Mara moja! Sasa wewe, ndugu yangu, fundi wa magari, mhasibu, mfanyabiashara wa simenti, unayecheza Jumamosi kwa Jumamosi, wewe ni nani wa kuitoa mara 14? Unamwonyesha nani? Waliokuwa wakitazama mkwaju wangu mrefu mwaka jana ndio waliocheka wa kwanza. Watu hawakumbuki mita zako. Wanakumbuka nane yako, na wanakupa jina.

Jumapili iliyopita, shimo la 18, nilikuwa na alama 36. Mtu wa kwanza alikuwa ameshamaliza na 37. Nilihitaji tano. Safari hii sikungoja niambiwe, nikanyoosha mkono, nikasema "cha tano", na kijana akakitoa haraka kama aliyeogopa nitabadili nia. Chuma cha 5, katikati. Chuma cha 9. Weji ikaniacha hatua saba. Wa kwanza kusukuma ukasimama karibu mita moja, kwenye mteremko wa kushoto, na mikono yangu, sitadanganya, ilikuwa inatetemeka hadi nikaona kivuli cha fimbo kinacheza kwenye nyasi. Ukaingia kwa pembeni, ukazunguka, ukadondoka.

Yule mzee alinipongeza, kisha akaongeza kwamba mwaka jana niliwaburudisha zaidi.

Kombe lenyewe ni dogo, mama watoto ameshatia humo vijiko vya chai. Kijana wa Katuba bado ananiita Vandevelde, ila sasa anatanguliza papa.