Fundi, DS yangu inagoma video

SWALI: Shikamoo fundi, nina Nintendo DS ya mtumba, ile mashine ya gemu ya mkononi, ina kile kikadi cha R4 kinachochomekwa memori kadi, nataka niitumie kwenye meli ya Nansio maana safari inachosha. Miziki inapiga freshi kwenye MoonShell, ile programu ya kuchezea miziki na video, ila MP4 hazichezi kabisa, nifanyeje? Mdau, Kirumba.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. DS haikutengenezwa kwa video, prosesa yake megahezi 67 na RAM MB 4 tu, MP4 ya kwenye simu utaitesa bure. MoonShell inataka faili la DPG, yani aina ya video ya DS, kwa hiyo kwanza ukonveti kwenye kompyuta, weka saizi 256 kwa 192 ndo kioo chenyewe kilivyo, na fremu, yani picha kwa sekunde, usipandishe sana, ukizidisha picha inakwama huku sauti inaenda peke yake, yani inakera balaa. Ukimaliza tupia kwenye memori, folda lolote. Alafu hiyo memori nayo, R4 zile za kwanza mwisho GB 2, ukichomeka ya GB 32 haisomi na utadhani imekufa. Na melini vaa hedifoni bwana, abiria wengine wamelala.