Vitabu vya mapishi vimenijaa nyumbani, nivipange vipi?

SWALI: Habari za kazi dada. Napenda sana kupika na kila ndugu akija kutoka nje namuagiza kitabu cha mapishi, sasa vimejaa, vingine viko juu ya friji vingine uvunguni, na kuna daftari la marehemu mama la mahamri na biriani, plus vipande nilivyokata magazetini. Nikitaka kupika kitu najua kabisa resipi ninayo ila naitafuta mpaka nachoka naishia kufungua simu. Nianzie wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Dada yangu, anza na daftari la mama, na uanze leo. Vitabu vya dukani vikiharibika utanunua vingine, hilo hulipati popote. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa mchana karibu na dirisha, zirushe kwenye grupu la familia ili zisikae kwa simu moja tu, halafu lenyewe lihamishie chumbani, jikoni pana mvuke na mafuta. Palipochanika usibandike selotepu, inageuka njano na kuacha gundi kwenye karatasi. Na kama mama aliandika "samli kiasi", "unga wa kutosha" (wengi wao waliandika hivo manake walikua wanajiandikia wenyewe), mtafute mama mdogo au shangazi aliyepika nae, pikeni pamoja na we upime kila anachomwaga kabla hakijaingia sufuriani. Hii kazi usiiahirishe kabisa.

Haya, vitabu sasa. Maktaba zinazotumia mfumo wa Dewey (wa kupanga vitabu kwa namba kufuata mada) zinaweka mapishi kwenye namba 641.5, na yale ya nchi na sehemu mbalimbali 641.59, na kule inafaa kwa sababu mtu anaingia akitafuta kitabu. We nyumbani unatafuta chakula. Kwa hiyo mi nakushauri upange kwa kazi: unavyofungua kila wiki viwe usawa wa mkono, vya kuoka pamoja, vya futari na sikukuu pamoja, vile vya kusoma na kuangalia picha tu viwekwe juu, na vile vizito kabisa vikae chini.

Ila kupanga peke yake hakutoshi. Nunua daftari lenye herufi pembeni, andika jina la chakula, kitabu gani, ukurasa wa ngapi, na usijaze kila kitu utachoka siku ya kwanza, andika ulivyowahi kupika vikatoka vizuri na vile unavyovitamani kweli. Vitumbua, V, daftari la mama, basi. Nyuma ya daftari weka vipimo, maana vitabu vya nje vinachanganya: kikombe cha Marekani ni kama mililita 240, wakia (ounce) gramu 28, ratili (pound) gramu 454, na oveni wakisema 350 za Fahrenheit ni kama 180 za kwetu.

Vipande vya magazeti tia kwenye faili la mifuko ya plastiki, yale unayopika kweli piga fotokopi maana karatasi ya gazeti haikawii kugeuka njano.

Kwa Tanga hapo kuna jambo la unyevu. Usivibane sana kwenye shelfu, na usiegemeze shelfu ukutani, acha nafasi hewa ipite na mchwa uwaone mapema. Ukikuta vile vijidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifunua kitabu, vinakula gundi na karatasi, kifunge kitabu vizuri kwenye plastiki ukiweke friza wiki nzima, ukikitoa usifungue plastiki mpaka ubaridi uishe, la sivo kitalowa.

Vile ambavyo hujavigusa miaka mgawie binti anaeanza maisha yake, ila pekua ndani kwanza, watu wengi huchomeka resipi za kuandika kwa mkono katikati ya kurasa.