Kabla hajasimulia, aulize: maneno yangu yataenda wapi?

Ndugu mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema rafiki yako amebakwa juzi usiku na mtu wanayesoma naye. Polisi hawataki, ofisi ya jinsia ya chuo anaiogopa kwa kuwa anaamini siri haikai humo, na nje ya chuo kipo kituo cha jamii ambacho hamkijui. Unauliza aanzie wapi, wewe umsaidieje, na kama umwambie mama yake. Nilijitolea kwenye dawati la jinsia nikiwa mwanafunzi, na baada ya kuhitimu nikaajiriwa kupokea wateja kwenye kituo cha jamii, kwa hiyo huduma zote mbili nimeziona kwa ndani. Nitaandika kirefu.

Ila kama bado hajaonwa na mhudumu wa afya, mengine yote yasubiri. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kwa maelezo yako zaidi ya nusu ya muda huo imeshakwenda. Dawa hizo humezwa kwa siku 28 mfululizo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kutolewa hadi siku ya 5, lakini navyo hufanya kazi vizuri zaidi vikiwahiwa. Atapewa pia dawa za magonjwa mengine ya zinaa na, kama hakuwahi kukamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B, ataianza hapo.

Watu wengi huchelewa hospitali kwa sababu wanadhani kwenda huko ni sawa na kufungua kesi. Matibabu ni haki yake hata kama hatasema jina la mtu hata mmoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi kwamba huduma ya afya kwa manusura isifungwe kwenye masharti ya kuripoti polisi. Zipo nchi ambazo wahudumu bado hudai fomu ya polisi kwanza, na hapo ndipo msindikizaji anapokuwa na kazi: mwambie mpokezi kwa utulivu kwamba mgonjwa anahitaji dawa za kinga zenye ukomo wa muda, na kwamba karatasi zitafuata kama mwenyewe atataka zifuate. Akikataa, omba kuonana na daktari au muuguzi wa zamu. Manusura hapaswi kubishana mwenyewe siku hiyo. Bisha wewe kwa niaba yake.

Kuhusu ushahidi, kama hajaoga, asioge kwanza. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kila moja peke yake. Mfuko wa nailoni hushika unyevu, na unyevu huharibu sampuli. Kama ameshaoga na kufua, na wengi huoga mara moja, aende vilevile. Majeraha yanaweza kuonekana na maelezo ya daktari yaliyoandikwa mapema yana uzito. Meseji za kabla na baada ya tukio asizifute, hata zile zinazomtia aibu. Baadhi ya nchi zina vituo vinavyochukua sampuli na kuzihifadhi huku mtu akiendelea kufikiri kama atashtaki au la. Uingereza, kwa mfano, kituo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa Manchester mwaka 1986, kwenye hospitali ya St Mary's. Ulizeni kama hospitali yenu ina utaratibu huo. Hataki polisi leo. Baada ya miezi kadhaa anaweza kutaka, na ni vizuri njia hiyo iwe bado wazi.

Sasa hofu yake ya siri kuvuja. Mimi siidharau hata kidogo. Kwenye dawati letu la chuo mlango wa ofisi ulikuwa kwenye korido ya utawala, ikabidi kila anayeingia apite mbele ya madirisha ya watu wanaomjua. Hakuna aliyevujisha chochote, lakini kuonekana tu kulitosha kuzaa maneno. Tulianza kukutana na wanafunzi maktaba na kwenye chumba cha zahanati, na idadi ya waliokuja iliongezeka wazi.

Kinachowaumiza wengi zaidi ni kutojua tofauti kati ya mtu wa kutunza siri na mtu mwenye wajibu wa kuripoti. Chuoni kuna watu wa aina zote mbili, na wote watakuambia kwa sura ya huruma, "karibu, nieleze." Mnasihi, daktari wa zahanati, na mara nyingi kiongozi wa dini wa chuo hubanwa na maadili ya kazi yao kutunza siri, isipokuwa pale uhai wa mtu ukiwa hatarini au mhusika akiwa mtoto. Mhadhiri, mlezi wa bweni na ofisa wa utawala wanaweza kuwa wamesaini kanuni inayowalazimu kupeleka taarifa juu mara wakisikia. Marekani mgawanyo huu umezaliwa na utekelezaji wa sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu: katika vyuo vingi huko wafanyakazi wengi lazima waripoti, na wachache tu ndio wametengwa kuwa wa siri. Kwingine kanuni ni tofauti, au haijaandikwa kabisa, na hilo la pili ndilo la kuogopa zaidi.

Kwa hiyo kabla hajasimulia lolote, kwa mtu yeyote, aulize: "Nikikueleza kilichonipata, nani mwingine atajua, na je, unalazimika kuripoti hata nikikataa?" Mtu anayejua kazi yake atajibu moja kwa moja, bila kuudhika. Ukiona anazungukazunguka, au anasema "tutaona, wewe eleza kwanza," ondokeni kwa adabu. Na anaweza kuuliza bila kujitaja: "Mwanafunzi akipatwa na jambo kama hili, nyinyi hufanya nini?" Nimepokea maswali mengi ya "rafiki yangu" na sikuwahi kumlazimisha mtu akiri kwamba rafiki huyo ni yeye. Kijana mmoja wa kiume alikuja hivyo zaidi ya mara moja, akaniuliza kuhusu dawa, kuhusu vipimo, kuhusu kama wanaume nao hupokelewa. Wanapokelewa. Alipohakikisha hivyo ndipo akakaa.

Ofisi ya chuo ina uwezo ambao kituo cha nje hakina, na ni uwezo ambao wanafunzi wengi hawaujui. Inaweza kubadilisha maisha yake ya kila siku bila kesi: kumhamishia bweni jingine, kumbadilishia kundi la semina ili asikae chumba kimoja na aliyemshambulia, kusogeza mbele mtihani, kuongeza muda wa kazi za darasani, kuruhusu aache somo bila kuchafua matokeo, na kumpa yule mtu amri ya kutomsogelea wala kumtumia ujumbe. Vyuo vingi huziita hatua za muda, na vyenye kanuni nzuri huzitoa hata pale manusura asipofungua malalamiko rasmi. Kwa niliyoyaona, hizi ndizo huokoa masomo. Mashauri ya nidhamu huchukua muda mrefu na mwisho wake haujulikani, lakini mtu akihamishwa bweni wiki hii, wiki hii analala. Msichana mmoja alipofika mezani kwetu hakutaka adhabu kwa mtu yeyote. Alitaka asifanye mtihani Jumatatu. Tulimwandikia barua isiyotaja sababu, ikisema tu kwamba ofisi inathibitisha ana dharura inayokubalika, ikapokelewa. Ombeni barua ya namna hiyo.

Na ombeni kwa maandishi. Barua pepe fupi, yenye tarehe, ikisema kinachoombwa na siku ya kujibiwa. Maneno ya mdomo kwenye korido husahaulika, hasa mtuhumiwa akiwa mtoto wa mkubwa au mchezaji anayependwa. Akiwa mhadhiri, yaani ikiwa ni rushwa ya ngono kwa ajili ya alama, malalamiko yasiishie kwenye idara yake. Ulizeni nani nje ya idara anayapokea. Kama jibu ni "hakuna," hapo kituo cha jamii na mwanasheria wake wanahitajika mapema.

Nguvu ya kituo cha jamii ni kwamba hakina jina la chuo la kulinda. Vituo vya manusura wa ubakaji vya mwanzoni, kama kile cha Washington kilichoanza 1972, vilianzishwa na wanawake wa kawaida waliokuwa wamechoka kuona hospitali na polisi wakimhoji aliyeumizwa kana kwamba yeye ndiye mshtakiwa. Roho hiyo bado ipo kwenye vituo vizuri. Mnasihi wa kituo yuko upande wa mteja, hana mkuu wa chuo juu yake, na huduma haikatiki mwanafunzi akihitimu, akiahirisha mwaka au akiacha chuo. Vituo vingi vina mtu wa kumsindikiza hospitali, polisi hata mahakamani, na vingine vina nyumba salama. Upungufu wa vituo hivi ni fedha: vinategemea wafadhili, foleni ya unasihi inaweza kuwa ndefu, na simu ya usiku wakati mwingine haipokewi. Pigeni mchana, ulizeni saa zao na kama wana mnasihi wa jinsia anayoitaka yeye. Na huduma hizi mbili hazigombani. Anaweza kupata unasihi nje na kuitumia ofisi ya chuo kwa bweni na mitihani tu, bila kuwapa masimulizi yote.

Niseme na hili, kwa sababu kuna mchangiaji hapo juu amesema ofisi za jinsia ni mapambo. Zipo ambazo ni mapambo. Ofisi inayohesabu tu wasichana waliodahiliwa na kubandika mabango kila tarehe 25 Novemba inapoanza kampeni ya siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, haijagusa usawa. Usawa unapimwa pia kwa nani anamaliza shahada. Manusura huhama kozi, hukwepa maabara za jioni, huacha nafasi za uongozi wa wanafunzi, na wengine hurudi nyumbani kabisa, huku takwimu za udahili zikibaki nzuri vilevile. Ofisi inayofanya kazi utaijua kwa maswali machache: nani anapokea simu usiku, hatua za muda hutolewa baada ya siku ngapi, na je, wanatoa kila mwaka hadharani idadi ya malalamiko na yalivyoishia, bila majina. Wanafunzi wanaweza kudai mambo hayo. Sisi tuliyadai, na simu ya usiku ikapatikana.

Kwako wewe msaidizi. Usimuulize kwa nini alikwenda kule, kwa nini hakupiga kelele, kwa nini alimfungulia. Mwili wa mtu mwenye hofu kuu unaweza kuganda, misuli isitii, sauti isitoke. Watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 2017 matokeo ya wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura ya Stockholm baada ya kubakwa: asilimia 70 walikuwa wamepatwa na hali hiyo kwa kiwango kikubwa. Kwa hiyo ukimya wake usiku ule si ridhaa, na huenda yeye mwenyewe anahitaji kuambiwa hivyo kwa sauti. Sema: "Nakuamini. Si kosa lako. Unataka tuanze na nini?" Kisha nyamaza, umsubiri. Mtu aliyenyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake hasaidiwi kwa kunyang'anywa maamuzi mengine, hata kwa mapenzi mema. Akisema anataka kula kwanza, mle kwanza, mradi saa za dawa zisipotee.

Usimlazimishe kusimulia tena na tena kwa kudhani atatua mzigo. Mwongozo wa afya unashauri kutomshinikiza, kumsikiliza anapotaka mwenyewe, na kumfuatilia kwa karibu mwezi mmoja hadi mitatu ya kwanza, kwani wengi hupata nafuu wakiwa na watu wa kuwategemea. Lakini asipolala kabisa, asipoweza kula wala kwenda darasani, au akitaja kujidhuru, atafutiwe mnasihi au daktari siku hiyo hiyo. Usimfuate yule mtu wala kumwandikia. Ukifanya hivyo unamweka rafiki yako hatarini na unaweza kuvuruga kesi ambayo bado hajaamua kuifungua. Na wewe pia tafuta mtu wa kuongea naye. Vituo vingi hupokea wasaidizi, na unaweza kueleza ya kwako bila kumtaja yeye.

Mama yake usimwambie. Muulize yeye kama kuna mtu wa nyumbani angependa ajue, nani amwambie, na aambiwe kiasi gani. Akisema hakuna, iwe hivyo kwa sasa. Baadhi huanza na shangazi au dada mkubwa, wengine huomba mnasihi awepo chumbani wakati mzazi anaelezwa, na kituo kinaweza kulipanga hilo siku akiwa tayari. Leo mpeleke hospitali. Kama mpokezi ataleta shida, andika hapa mara moja. Nitakuwepo jukwaani hadi usiku.