Kabla hujapeleka pendekezo la tasnifu ya ardhi

Kila muhula mapendekezo ya tasnifu kuhusu ardhi na Biblia hufika na makosa yale yale, na wanaoyaandika ni wanafunzi wenye bidii. Wapendwa mnaosoma theolojia hapa Nairobi, zingatieni haya mapema. Mtajiokoa miezi.

1. Usiibandike jamii yako juu ya Israeli ya kitabu cha Yoshua. Hili ndilo linaloangusha kazi nyingi, na linauma kwa sababu mwandishi hulifanya kwa upendo. Anawachukua Waogiek, wenyeji wa msitu wa Mau hapa Kenya, anauita msitu huo "nchi ya ahadi" yao, anafunga kwa Yoshua 1. Hebu rudi usome: aliyeahidiwa anatoka nje, na wenyeji wamo ndani tayari. Waogiek hawakuvuka Yordani kuingia Mau, walikutwa humo. Ukiifuata hadithi kwa uaminifu, wao ndio Wakanaani, na Kumbukumbu la Torati 20:16-17 inaeleza wazi Wakanaani wafanywe nini. Robert Allen Warrior, wa watu wa Osage kule Marekani, aliliweka jambo hili mezani mwaka 1989: mwenyeji akisoma habari za Kutoka hujikuta upande wa Mkanaani. Tasnifu isiyomjibu haijaanza.

Pa kuanzia ni Kumbukumbu 2. Israeli wanakatazwa kugusa Seiri ya wana wa Esau, na Moabu na Amoni za wana wa Lutu, maana Mungu ndiye aliyewagawia. Ongeza Amosi 9:7, ambapo Mungu anasema aliwatoa Wafilisti na Washami pia walikotoka. Lakini usishangilie kabla ya kusoma 2:12, kwa kuwa hao wana wa Esau nao waliwafukuza Wahori. Liache gumu hilo libaki gumu katika sura yako. Msomaji mwaminifu atakushukuru.

2. Walawi 25 haiishii mstari wa 23, ule usemao ardhi isiuzwe daima kwa kuwa ni ya Mungu. Mstari wa 15 na 16 unapanga bei kwa hesabu ya mavuno yaliyobaki hadi yubile, mwaka wa 50 ardhi inaporudi kwa wenyewe, yaani kinachouzwa ni mazao. Nyumba ya ndani ya mji wenye ukuta hukombolewa ndani ya mwaka 1. Ukipita, ni ya mnunuzi daima. Anayetaka kuhubiri mstari wa 23 juu ya ploti ya mtaa wa Kayole hapa mjini apitie kwanza wa 29 na 30.

3. Katika 1 Wafalme 21, Nabothi hakukataa kumuuzia mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu kwa sababu ya bei. Ahabu alimwahidi shamba bora zaidi au fedha taslimu. Hapa ndipo Mau inapolifungua andiko: kidesturi kila ukoo wa Waogiek ulikuwa na ukanda wake, unaopanda kutoka msitu wa chini hadi wa juu, kwa kuwa miti huchanua kwa majira tofauti na asali hufuata maua. Mpe mtu huyo ekari 5 tambarare kwingine, umempa nini? Angalia pia namna shamba lilivyochukuliwa: barua, muhuri wa mfalme, wazee wa mji, mashahidi 2. Kila hatua ilikuwa na karatasi yake. Mkenya anahitaji kuelezwa nini tena?

4. Mkinukuu hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Arusha ya 26 Mei 2017, katika kesi ya Waogiek dhidi ya serikali ya Kenya, msikomee kifungu cha 14 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, kile cha mali. Mahakama iliona pia kifungu cha 8 kimevunjwa, kwamba ibada ya Waogiek haitengani na ardhi yao. Mwanatheolojia anawezaje kukiruka? Uamuzi wa fidia wa 23 Juni 2022 nao haukutoa shilingi milioni 157.85 tu, uliamuru ardhi ipimwe na jamii ipewe hati.

5. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kwanza, halafu idhini ya wazee wa Waogiek. Usiwaite "Wadorobo", ni jina la dharau. Rasimu ikiiva, irudishe ikasomwe kwa sauti mbele yao, hasa sehemu ya Wakanaani, kisha ndipo umpelekee msimamizi.